Ukurasa wa Kumi na Tisa

Chumba cha Nyuma,
Nyumbani kwa Shangazi Yako,
Mtaa wa Posta ya Zamani.

Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mjukuu wangu,

Kabla hata sijakujulia hali, niseme kwamba kuna jambo nimewaficha kwa miaka arobaini na sita. Limo katika kile kitabu changu chembamba cha taarifa za nchi, chenye jalada la kijani, ukurasa wa kumi na tisa, mstari wa nne. Nimelitanguliza ili nisipate njia ya kulikwepa. Sasa tusalimiane kama watu.

Hujambo, mama? Mumeo hajambo? Na huyo kitukuu wangu, Msemaji, bado anauliza maswali hata akiwa na mswaki mdomoni? Mimi ni mzima wa mdomo tu. Miguu imeshastaafu, na moyo, kwa maelezo ya daktari, unafanya kazi kwa hiari yake. Shangazi yako ananilisha uji kwa kijiko na kunigombeza kwa kijiko hichohicho. Mkumbushe mumeo kwamba mchumba wako wa kwanza ni mimi; yeye alikuja akanikuta.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mwalimu wa Msemaji anamtaka asimame mbele ya darasa aieleze nchi ya wazazi wake: watu, ardhi, serikali na uchumi. Nawe umeanza kumkaririsha kitabu cha babu. Nilifurahi, kisha uji ukanishinda.

Mfundishe hivi. Nchi yetu imeinama. Mashariki ni nyanda za juu zenye ukungu na mvua. Maji yote huteremka kuelekea magharibi, yakipita mabonde matatu, mpaka kwenye tambarare kavu tunakoishi wengi wetu. Niliandika kwamba reli inaiunganisha nchi. Reli inaunganisha migodi na bandari. Watu wameidandia tu.

Makabila niliyapanga kwa alfabeti, kana kwamba watu wamesimama foleni. Mwambie Msemaji watu wetu ni wakarimu na wacheshi, ila wana kipaji kibaya cha kumcheka anayetoka mbali zaidi na barabara. Kila mmoja ana wa kumcheka. Wa mwisho kabisa, ambao hawakubakiwa na mtu wa kumcheka, walikuwa watu wa Bonde la Juu.

Kuhusu uchumi niliandika pamba, mbao na shaba. Sikuwaandika akina mama waliouza nyanya kwa mafungu nje ya ofisi yetu, ingawa ndio waliotulisha mchana tulipokuwa tukiandika habari za uchumi.

Serikali niliipa kurasa sita: bunge, mahakama, mawaziri. Lakini kwa mtu wa kawaida serikali ni dirisha. Lina kioo chenye tundu, nyuma yake yupo karani, na mezani kwa karani kuna kitabu. Unayoyasema kama hayamo kitabuni, basi hayapo. Kwa miaka mingi kitabu hicho kilikuwa changu.

Unajua nilikuwa mhariri katika Idara ya Habari, lakini sikuwahi kukueleza kazi yenyewe ilivyofanyika. Kila mwaka tulikata kurasa za kitabu cha mwaka uliopita, tukazibandika kwenye karatasi kubwa, tukasahihisha takwimu kwa wino mwekundu. Usichokigusa kinabaki kilivyo. Mwaka wa kwanza tu ndio tulioandika kila kitu upya, na mwaka huo mafuriko yalikuwa yamebeba daraja. Makarani wa sensa hawakufika Bonde la Juu. Fomu zilirudi tupu.

"Jamani, kitabu kinaingia mtamboni Ijumaa," mkuu wa idara akasema. "Nani analijua bonde lile? Kuna watu kule?"

Mchora ramani wetu, tuliyemwita Kalamu Mbili, akadakia, "Wapo, mkuu, ila wanaoga mara mbili tu: wakizaliwa na wakifa. Maji yote yanatoka kwao, wenyewe hawajayaona!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni mimi. Kisha nikachukua kalamu nikaandika: "Bonde la Juu halina wakazi wa kudumu." Nilijiambia ni maneno ya muda, mwakani tutayasahihisha. Mwaka uliofuata nilibandika ukurasa uleule, na uliofuata, na uliofuata.

Kitabu cha jiografia cha shule kikanukuu kwetu. Kalamu Mbili akalipaka bonde rangi ya kijivu, rangi ya mahali pasipo na watu. Wahandisi walipotafuta pa kujenga bwawa la umeme, walitazama ramani yake. Kila ofisi iliitegemea ofisi nyingine, na chini kabisa ya rundo hilo nilikuwa nimekaa mimi. Siku ukija kwa ndege utaliona ziwa, zuri kweli. Taa ninayoandikia barua hii inawaka kwa maji yake.

Kabla bonde halijajazwa maji, watu watano wa huko walikuja dirishani kwetu. Walitembea siku tatu ili waandikwe. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, hatua mbili tu. Karani akafungua ukurasa wa kumi na tisa, akawasomea mstari wa nne. Bibi mmoja akamuuliza, "Sasa, mwanangu, huyu unayezungumza naye ni nani? Kivuli?"

Karani akacheka, wala si kwa ubaya. Mimi nilikaa na kalamu mkononi. Wiki chache baadaye walipakiwa kwenye malori, wakatawanywa kwenye tambarare kavu, na hakuna aliyeandika nani alishushwa wapi. Utamwandikaje mtu ambaye hayupo?

Utaniuliza kama sikujua. Nilijua. Nyumba zilikuwa sitini na mbili, na njia ya kwenda kisimani ningeipita nimefumba macho. Tangu udogo wako umekuwa ukiniuliza asili yetu ni wapi, nami nikakujibu kwamba sisi ni watu wa mjini, wa karibu na reli, na kwamba mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Mjukuu wangu, mimi nimezaliwa Bonde la Juu. Nilitoka huko nikiwa na miaka tisa, kwenda shule ya bweni, na huko nilijifunza kusoma, kuandika, na kusema ninatoka kwingine.

Kwa hiyo Msemaji asiukariri ukurasa ule. Aseme lile bonde la tatu, Bonde la Juu, lilikuwa na watu, na watu hao ni wa kwao. Akiulizwa kitabu gani kinasema hivyo, awaonyeshe barua hii.

Msalimie mumeo, na mdogo wako Kimya, umwambie nimemkumbuka hata kwa kelele zake. Shangazi yako anawasalimu. Yeye bado hajui. Bahasha nitampa aipeleke posta, na sitaitia gundi. Mungu awape afya, na awape macho ya kuwaona hata wasioandikwa popote.

Limebaki moja. Siku ile, karani alimuuliza yule bibi kama ana mtu yeyote hapa mjini, aliyesoma, wa kuthibitisha maneno yake. Bibi aliinamia tundu la kioo. Sauti yake nilikuwa nimeshaijua tangu alipotoa salamu.

"Ninaye mtoto," akasema. "Kasoma mpaka mwisho. Ila jina lake sikutajii, baba, asije akaharibikiwa kazi."

Mtoto huyo ni mimi.

Wako akupendaye,
Babu.