Kimya cha Chumba cha Pili

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Mvua tangu alfajiri. Mtaa wetu wote wa Ibighi matope. Nimeshona sketi za shule tu — baridi imenishika vidole.

Lightness, mpangaji wangu wa chumba cha pili, kaondoka gizani kwenda Kyimo, kazini kwake, kupanga parachichi kwenye maboksi. Kamfungia Gwakisa ndani tena. Mtoto hata miaka minne hajafikisha! Uji kwenye kikombe, katuni kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kufuli nje. Na halii. Angelia ningepumua.

Saa nne uvumilivu ukanishinda. Ufunguo wa akiba ninao. Nimemtoa.

Jumanne, 5 Novemba
Nilijiandaa kwa ugomvi, ugomvi haukuja. Lightness kasema ndaga, asante mama, kama hakusumbui basi awe anashinda kwako.

Sasa yuko chini ya meza ya kukatia nguo. Haongei. Nimemsikia mara moja tu, akimwambia paka wangu: kaa, nyamaza, toka! Amri tupu. Hajui kuomba, hajui kuuliza. Anajua kufukuza. Roho imeniuma.

Nimemkumbuka mama. Bi Arafa wa Kilwa, aliyeichukia baridi ya Tukuyu mpaka anaingia kaburini. Alishonea baraza hii hii, na mdomo wake haukupumzika. "Sasa natia uzi. Huyoo, kaingia. Sasa tunageuza pindo." Akinyamaza kidogo kukata uzi kwa meno, mimi chini miguuni pake nauliza: Halafu? Walinicheka ukoo mzima. Baba mpaka anakufa aliniita Bi Halafu. Hakuna aliyebaki wa kuniita hivyo.

Ijumaa, 8 Novemba
Anyosisye, mwalimu wa darasa la awali, kaja kuchukua gauni lake. Nimemwonyesha mtoto. Anasema Januari atampokea, ila darasa limefurika, na mtoto asiyeongea hukaa nyuma akasahaulika. Si kwa ubaya, mikono yenyewe ni miwili. Nikamuuliza: nimfundishe a-e-i-o-u? Kacheka. Zungumza naye tu, mama, kila unachofanya umwambie, halafu umsubiri.

Kumbe mama yangu alikuwa mwalimu wa awali na hakujua.

Jumapili, 17 Novemba
Sauti imenikauka. Siku nzima: natia uzi, nakata kola, kifungo hiki chekundu. Nikichoka najiuliza mwenyewe — halafu? — najijibu mwenyewe. Mteja kaniuliza kama naumwa! Lakini nyumba hii ilikuwa kimya tangu watoto waondoke. Mwanangu Hafidhi akipiga simu kutoka Dar ni poa, mama, baadaye. Nilikuwa nimeisahau raha ya kuongea hovyo.

Leo Gwakisa kaokota kitu chini, kanipa. "Uzi," kasema.

Uzi! Nimeenda jikoni nikalia.

Jumamosi, 30 Novemba
Ilikuwa siku nzuri mpaka saa kumi. Gwakisa alikuwa ananisimulia kifungo kilichoingia chini ya kabati: kifungo kimekimbia, paka kakifuata, paka kashindwa. Maneno yanaanguka-anguka, ila yapo! Mara Lightness huyo mlangoni, kawahi kutoka kazini. Mtoto kumwona tu, kimya.

Lightness kasimama na mwavuli wake unachuruzika. "Kwako anaongea," kasema. "Kwangu bubu."

Kamnyanyua, wakaenda zao.

Ijumaa, 6 Desemba
Kufuli wiki nzima. Nimezungumza na Gwakisa kupitia ukutani nikachoka, hajibu. Safari hii sijagusa ufunguo. Yule ana mama.

Jioni nimebisha hodi kwa Lightness, nimekaribishwa kigoda. Nilikwenda kugomba, nikajikuta nauliza: mwanangu, wewe ulipokuwa mdogo nani alikuwa anaongea nawe? Kalelewa kwa shangazi yake, kule Kawetele. "Nilikuwa naambiwa chota, osha, nyamaza," kasema. "Basi."

Amri tupu, kama zile alizopewa paka wangu! Hasira zote zimeniisha.

Nimemsimulia habari za mama na cherehani. Anaona aibu. Aongee na mtoto asiyemjibu, watu watasema kachanganyikiwa. Tena aseme nini? Nimemwambia sema mkono wako unachofanya, hicho hicho. Hakuniahidi kitu. Ila kaomba kuanzia kesho mtoto arudi kushinda kwangu.

Nimefurahi kupita kiasi. Si vizuri. Mchana anaweza kuwa wangu, lakini analala kule, anaumwa kule, atakua kule. Kama kule hakuna maneno, haya yangu atayapeleka wapi?

Jumanne, 10 Desemba
Gari la parachichi limekwama, Lightness hakwenda kazini. Mtoto yuko naye. Nimekosa mtu wa kumwambia natia uzi.

Mvua imekatika sasa hivi, bati limenyamaza. Nasikia sauti upande wa pili wa ukuta wa mbao. Ya Lightness! Ndogo, kama anaomba msamaha. Anasema: namenya ndizi. Ganda hili linanata. Hii imeiva, tunaiweka pembeni. Sasa naosha sufuria.

Nimesimamisha cherehani. Naandika juu ya goti.

Kanyamaza. Kaishiwa. Nasikia maji yanamwagwa, basi. Natamani kugonga ukuta nimwambie endelea, mwanangu, sema chochote, sema chumvi! Sigongi. Nimejiuma mdomo.

Nimesogeza sikio kwenye mbao.

"Halafu?"

Sauti ya mtoto. Kamuuliza mama yake!

Sufuria imewekwa chini. Nasikia Lightness anavuta kamasi, na yule mdogo hamwachi —

"Halafu, mama?"