Hema la Watu Wawili

Tehran, 20 Bahman

Kwa dada yangu mpenzi Farangis,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, mguu wa mama mkubwa umepata nafuu, na baba mkubwa bado anafungua duka lenu la mahema kabla majirani hawajaamka. Sisi huku wazima, ila moshi wa Tehran unatukohoza. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu umeifungia, na sikulaumu. Miaka mitatu ni mingi, dada. Nimekukumbuka.

Nina shida ndogo, usinicheke. Tangu tuoane, mimi na Kiarash hatujasafiri hata mara moja. Noruzi hii, mwaka mpya ukiingia, nimemng'ang'ania mpaka amekubali, lakini hoteli za sikukuu hazishikiki na mshahara wake unachelewa. Basi nikasema, twende na hema, kama watu wanavyofanya. Tuje kwetu Hamadan, tupande mlima Alvand, tulale kule juu kwenye nyasi za Mishan. Huku Tehran madukani kila muuzaji anaapa kwa jina la mama yake na simwamini hata mmoja. Wewe umekulia katikati ya mahema. Nichagulie hema na mifuko miwili ya kulalia, vitu vya mke na mume wasio na hela nyingi. Nitafuata utakalosema.

Mbusu mama mkubwa kwa niaba yangu, kama bado anapenda kubusiwa nami.

Mdogo wako,
Mahnush

*

Hamadan, 2 Esfand

Mahnush,

Salamu zimefika. Mama mguu unamuuma, baba anafungua duka mapema, na mimi ni mzima kuliko ulivyoniacha.

Una uso mkavu, mtoto wewe! Mama zetu wamelala tumbo moja, sisi tumelala kitanda kimoja, na leo unaniomba nikuchagulie mfuko wa kulala na Kiarash. Kiarash wangu. Hebu nikukumbushe, maana naona Tehran inasahaulisha. Siku navishwa pete, ulisimama mbele ya watu wote ukasema, "Jamani Farangis, mchumba gani huyu, namwonea wivu!" Nami nikajibu kama kila mtu aliyelelewa angejibu: "Chukua, mpenzi, ni wako." Tunasema hivyo kwa adabu tu, kwa hereni, kwa zulia, kwa sahani ya wali. Dereva wa teksi anakwambia, "Achana na nauli, wewe mgeni wetu," na hakuna mwenye akili zake aliyewahi kushuka bila kulipa. Wewe ulishuka. Na ukafunga mlango.

Lakini duka ni duka. Nisikilize.

Seti ya kwanza: hema la watu watatu. Mbona watatu wakati nyinyi ni wawili? Kwa sababu wanaotengeneza mahema hupima watu waliobanwa kama sigara kwenye pakiti. Wawili wakitaka kugeuka, na viatu vipate pa kukaa, wanunue la watatu. Lina mapaa mawili, pumzi zenu zinaishia kwenye lile la nje badala ya kuwadondokea usoni. Mifuko yake, mmoja zipu iko kushoto na mwingine kulia, kwa hiyo inaungana ikawa mmoja na mke na mume wakapeana joto. Usidanganyike na ile namba ya baridi iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Hiyo ni baridi ya kutokufa tu. Tafuta ile ndogo pembeni, ndiyo ya kulala usingizi. Kisha mikeka miwili minene ya sponji, maana mlimani baridi inatoka chini. Ukibanwa na hela, punguza kwenye hema, usiguse mkeka.

Seti ya pili ni ya bei ya kutupa. Hema la wawili, paa moja, linatiririsha jasho kama ukuta wa hamamu. Mifuko ya kiangazi, zipu zote upande mmoja, haiungani hata mkilia. Mkeka mmoja.

Sikushauri lolote. Msomee mumeo kuanzia kwenye mahema, achague yeye. Mimi nilikuwa naye mwaka mzima, najua atachagua ipi. Wewe bado hujui?

Binti wa dada ya mama yako,
Farangis

*

Tehran, 14 Esfand

Dada Farangis,

Salamu, na poleni na theluji, nasikia kwenu bado inaanguka. Sisi hatujambo.

Barua yako nimeisoma peke yangu kwanza, nikalia, nikanawa uso, ndipo nikamsomea ile sehemu ya mahema. Kiarash alicheka sana. Alisema wauzaji wote ni wamoja, wanakutisha ili ununue cha ghali, na kwamba mke na mume wanaopendana hawahitaji mkeka wa pili. Amechagua seti ya pili. Nilimpigia baba mkubwa dukani, na mzigo umekuja na basi jana, asante kwa kufunga vizuri. Hema ni la kijani. Ni dogo, lakini linapendeza.

Tutakuwa Mishan siku moja kabla ya Siku ya Kumi na Tatu ya mwaka mpya, siku watu wote wanapokwenda kula nje. Natamani ungekuwepo! Hema letu ni lako, dada, njoo ukae nasi. Kiarash naye anasema karibu sana, utakanyaga juu ya macho yetu.

Mdogo wako,
Mahnush

*

Hamadan, 20 Esfand

Mahnush,

Salamu kwako na kwa mwenye macho ya kukanyagwa.

Nimekubali. Nakuja.

Naona kabisa ulivyokunja uso hapo ulipo. Ulitaka nijibu, "Asante, msijisumbue, siku nyingine Mungu akipenda." Si ndivyo? Umeniita mara moja tu, wala hukungoja nikatae mara mbili ndipo unisihi, kwa hiyo najua hukumaanisha. Lakini ni wewe uliyenifundisha kuchukua neno kama lilivyosemwa. Nitakuja na hema langu la watu watatu, nilipige karibu na lenu, mlango utazame mlango. Nitaleta birika, nitakaa, nitatazama ndoa yenu.

Farangis

*

Qazvin, 17 Farvardin

Dada,

Salamu. Mama mkubwa yu mzima? Mimi siwezi kuandika kwamba ni mzima.

Umeona yote, lakini nataka nikwambie ilivyokuwa kwa upande wangu. Mvua ya barafu ilipoanza mchana ule, nilikimbia kufunga kamba, wewe ukinitazama. Niliporudi ndani nimelowa, Kiarash alikuwa ameketi juu ya mkeka, ameingia kwenye mfuko wake, na mfuko wangu ameuvaa juu ya wake. Nikasema, "Kiarash, natetemeka." Akaniambia, "Wewe mzaliwa wa huku, mwili wako umezoea. Mimi kifua changu kibovu." Kisha akauliza chai iko wapi. Paa likanidondokea shingoni, tone baada ya tone, na mimi nimepiga magoti kwenye maji nikitafuta majani ya chai.

Nilitoka nikaja kwako. Ulinifungulia, ukanipa blanketi, ukanimiminia chai. Kisha ukacheka. Ulicheka mpaka ukafuta machozi, dada, na mimi meno yanagongana.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ulikuwa unamjua. Miaka mitatu iliyopita, kabla sijasaini ndoa, ulikuwa unajua ni mtu wa namna gani, na hukunipigia simu, hukumtuma mtu, hukusema neno. Mimi nilikuibia mchumba, ni kweli, naona aibu mpaka leo. Wewe uliniona naelekea shimoni ukanyamaza. Nani kati yetu kamfanyia mwenzake vibaya zaidi?

Nimemwacha. Niko kwa shangazi hapa Qazvin, lakini nyumba ni ndogo na mumewe ameanza kuhesabu mikate. Mama amesema kwake nisitie mguu mpaka nirudi kwa mume. Nikija Hamadan, utanifungulia?

Mahnush

*

Hamadan, 29 Farvardin

Mahnush,

Salamu. Mama anakusalimu. Analia kila nikitaja jina lako, kwa hiyo nalitaja kidogo.

Ndiyo, nilijua. Nilijua tangu mwezi wa pili wa uchumba, siku tuliponyeshewa bustanini akafungua mwavuli akautumia peke yake. Nilikuwa natafuta namna ya kumrudishia pete bila kumwaibisha baba. Kisha ukamchukua wewe. Kama ungekuja ukaniambia, "Dada, nampenda," ningekushika mkono nikakwambia kila kitu. Hukuja. Nilipata habari kwa mwoka mikate, nimesimama foleni, watu wote wananitazama. Mtu niliyekuwa namsuka nywele! Basi nikafunga mdomo. Watu walikuombeeni furaha, mimi niliomba ndoa yenu iwe ndefu. Sijawahi kumwombea mtu jambo baya kuliko hilo, na nililiomba kila siku.

Kule mlimani nilicheka kwa kuwa niliona dua imejibiwa. Nilifurahi, sitakudanganya. Furaha ile ilidumu mpaka nilipoiona mikono yako iliyoshika kikombe, imekuwa ya buluu kwa baridi. Baada ya hapo nilikuwa nacheka kwa kuwa sikujua namna ya kuacha.

Mumeo alikuja dukani juzi na boksi la keki. Akaniambia alikosea chaguo, kwamba wewe hujui kumtunza mtu, na kwamba mimi siku zote nilikuwa mwanamke mwenye akili. Baba alishika mita ya chuma ya kupimia turubai, nikamzuia. Nilichukua keki, nikamwonyesha hema la mtu mmoja, nikamweleza ubora wake wote bila haraka. Alinunua, Mahnush! Aliomba nimpunguzie bei na akanunua. Keki tumekula na baba. Zilikuwa kavu.

Umeuliza nani kafanya vibaya zaidi. Sijui, na sitaki kupima. Sijakusamehe, usije ukaingia hapa ukidhani yameisha. Mama yako niachie mimi, nitamwendea nimweleze mambo ya mfuko juu ya mfuko, tuone kama atathubutu kukurudisha.

Nitakufungulia. Kitanda ni kile kile, utalala upande wa ukutani. Na kila asubuhi ukiniletea chai nitakuuliza, "Mume hajambo?" Utanijibu, kila asubuhi, mpaka nichoke kuuliza. Na mimi, unanijua, sichoki upesi.

Dada yako,
Farangis