Isale Ambalo Baba Hakuliona

Kibosho, Moshi
11 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Jovin,

Marahaba, ingawa shikamoo yako sijaisikia tangu Krismasi. Hamjambo huko Songea? Wifi Flavia hajambo? Na Victoria, kile kikohozi kimepona? Sisi ni wazima, mvua zimeanza na migomba imestawi. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika. Karatasi huwezi kuikatia.

Jani lililodondoka ulipofungua bahasha usilitupe. Liweke mezani, nitakueleza.

Najua kilichokuondoa. Uling'oa mibuni ya babu ukapanda maparachichi bila kumwambia Baba, mkakaa miaka mitatu hamsemezani. Krismasi ukaja na jani la isale lililofungwa fundo kuomba msamaha, kama tulivyolelewa. Ulipiga magoti, ukamnyooshea jani bila neno, maana isale ndilo husema. Baba akatazama pembeni, akauliza, "Kikombe changu kiko wapi?" Na kikombe kilikuwa mbele yake! Ukainuka, ukabeba mkoba wako, ukaondoka. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilisema moyoni kuwa mzee huyu ana roho ngumu.

Jovin, hakuliona.

Ulipoondoka nikaanza kumchunguza. Chai anaimimina kando ya kikombe. Kivuli cha mgomba anakiruka akidhani ni mfereji. Nikakumbuka pia msimu uliopita alivyochuma kahawa mbichi na mbivu pamoja, yeye aliyekuwa akitufinya masikio kwa punje moja ya kijani! Nikamnunulia miwani, nikambadilishia, wapi! Daktari wa macho akasema macho yenyewe hayana kasoro.

Mwezi uliopita tukaenda kwa daktari wa ubongo. Alituonyesha picha ya kichwa: sehemu ya nyuma, ile inayopokea kinacholetwa na macho na kukipa maana, inasinyaa. Akasema ni aina adimu ya ugonjwa wa kusahau, ambayo huanza kuharibu kuona kabla ya kumbukumbu. Ndiyo maana Baba anakutajia mpaka jina la ng'ombe tuliyemchinja kwenye kipaimara chako, lakini kijiko kilichoko mezani anakipapasa. Dawa ya kuponya hakuna. Kuona kutazidi kupungua kidogo kidogo, na baadaye kumbukumbu nazo zitafuata. Nililia pale pale kwenye benchi la hospitali, wala sikuona aibu.

Jumapili nilimsimulia Baba habari ya Krismasi. Akauliza, "Jovin alileta isale?" Nikamwambia ndiyo. "Alipiga magoti?" Ndiyo, Baba. Jamani, alilia! Mzee ambaye hata tulipomzika Mama hatukuona chozi lake.

Akataka nimpeleke kwenye uzio wa masale. Alipapasa mwenyewe mpaka akapata jani zuri, akalikata. Kulifunga fundo vidole vilimkatalia, nikamalizia mimi. Ndilo hilo lililoko mezani kwako. Baba anakuomba msamaha wewe, mtoto aliyemzaa. Umeyaona wapi haya? Nawe unajua kama mimi kwamba isale halikataliwi.

Kwa hiyo acha kununa, njoo kabla ya Pasaka, bado anakujua. Shangazi Aikaeli anakusalimu, anasema mtori wako wa ndizi na nyama atauweka tayari. Msalimie wifi, na Victoria umwambie babu yake anamwulizia kila siku. Mungu awatangulie njiani.

Ukifika, usisimame mbele ya Baba ukingoja akutazame. Taja jina lako, kisha umshike mkono.

Dada yako akupendaye, hata ukinuna,
Lukresia