Tapeli Aliyeulizwa Baba Yake

Mama mpendwa,

Hapa Amukura mvua inanyesha kila alasiri, na viazi vitamu vyao vinakaribia vyako kwa ladha, usikasirike. Nafundisha akina mama wa soko kutumia simu janja. Jana, ili niwapime kuhusu matapeli, nilijificha nyuma ya jiko la kanisa nikampigia Mama Amoit, muuza karanga, akiwa darasani na wenzake, kwa laini wasiyoijua. Nikakaza sauti: "Ni kampuni ya simu. Laini yako inafungwa sasa hivi! Nipe nambari ya siri."

"Boss, si tusalimiane kwanza? Watu wa kwenu wako salama? Na ng'ombe?"

Nikasema wako salama. Ningefanyaje?

"Na wewe ni mtoto wa nani?"

Ukali wote ukaniisha. "Wa Mzee Barasa, mama."

Darasa zima likaangua kicheko. Kumbe ameweka simu kwa spika. "Mwalimu Barasa, toka huko, chai inapoa!"

Basi Mama, mtu akikupigia na haraka zake, hata kwa sauti yangu hii hii, asipouliza habari ya goti lako, kata simu. Huyo si mwanao.

Goti linaendeleaje?

Wako,
Wanjala