Mlaze Akiwa Mkavu

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku tu wazima, ukiacha magoti ya Mama, ambayo mwenyewe husema si yake, ameazimwa na mtu asiyemtakia mema.

Kwa majonzi makubwa nakutangazia kifo cha ndevu zangu, zilizotutoka jana asubuhi uani baada ya kuniwasha kwa muda mrefu. Mazishi yalifanyika papo hapo, ndani ya ndoo. Waliohudhuria ni mimi, Mama, kioo chenye ufa, na kuku wa jirani ambaye hakuonyesha simanzi yoyote.

Hukuwahi kuziona, kwa hiyo huwezi kujua uzito wa msiba. Zilianza siku Baba alipofariki, wala si kwa huzuni kama watu walivyodhani. Mtoto wa kinyozi hajui kunyolewa na mtu mwingine. Tangu nilipobalehe uso wangu ulikuwa chini ya mkono wa Baba, na kuupeleka kwa kinyozi wa barabara ya pili niliona ni kama kuutangazia mji mzima kwamba mwenye mkono hayupo. Wembe wake nao sikuthubutu kuugusa. Basi zikaota zilivyotaka. Wateja wangu wa redio wakaanza kuniamkia shikamoo, nami nikawa napokea.

Sasa nikueleze habari za chumba cha mbele. Baada ya mazishi tulikifunga kama kilivyo: kiti cha wateja, kioo kikubwa, na ule mkanda wa ngozi aliokuwa akinolea, ukining'inia nyuma ya mlango. Siku moja mchana, saa ambazo watu wamekula na wamejinyoosha, nilikuwa uani nimeinamia redio ya mtu, nikasikia mlio. Wewe uliondoka hapa mdogo, lakini najua unaukumbuka. Shwaa kwenda, kimya kidogo cha kuugeuza wembe juu ya mgongo wake, shwaa kurudi. Nikaizima redio. Ndipo nilipokumbuka kwamba matumbo ya redio yote yalikuwa mezani, isingeweza kutoa mlio hata kwa kubembelezwa.

Kesho yake mlio ukarudi. Nikajikaza, nikaenda kufungua mlango. Hapakuwa na mtu. Mlango wa ndani, unaoingia kwa Mama, ulikuwa umefungwa kama kawaida. Lakini mkanda ulikuwa ukicheza taratibu, kama kitu kilichoachiwa sasa hivi, na chumba kilinukia mafuta.

Nilimuuliza Mama, akasema ni panya. Nikamwambia sijapata kumwona panya anayenoa. Akasema siku hizi wapo wa kila namna. Nikaenda kwa jirani yetu fundi cherehani, yule tunayemwita Mama Sindano kwa ajili ya ulimi kuliko kwa ajili ya kazi. Huku akikata uzi kwa meno aliniambia kwamba hata yeye husikia, na hashangai, kwani Baba alipokuwa hai hakufunga duka mchana hata siku moja, ndiyo aje ajifunze kufunga leo? Kisha akanitazama kidevu, akasema huenda mzee kafuata kichaka hicho, ninyolewe tu tuyamalize. Nilicheka naye. Lakini tangu siku ile meza yangu niliihamishia barazani, nikawa nawaambia wateja kwamba huko kuna mwanga zaidi.

Hapo ndipo barua yako ilipofika. Tuliingojea tangu siku ya mazishi ambayo hukuja, na kwa kweli tulishazoea kuwaambia watu kwamba ni mguu wako. Unasema haukuwa mguu. Unasema nilipomwekea Baba simu sikioni pale hospitali, ulimsikia akiuliza neno moja, "Mmemlaza?", ukakata simu. Unasema maisha yako yote ulikuwa ukingoja mtu wa nyumba hii akuulize hilo, na Baba akaliweka mpaka pumzi ya mwisho.

Dada, niliisoma nimesimama. Kwa sababu mimi, pale kitandani, niliposikia neno hilohilo, nilicheka.

Nisikilize kabla hujakasirika. Kaka yetu yule aliyefariki akiwa mchanga, ambaye mimi nimeshamzidi umri, sikumkuta. Nilizaliwa baadaye, nikakuta kimya kimeshawekwa ndani ya nyumba kama kabati zito ambalo hakuna anayetaka kulisogeza. Nilichojua ni kwamba ulimlaza mchana, hakuamka, na wewe ukapelekwa kukaa kwa shangazi. Hukukulia tena hapa, kwa hiyo hukuisikia lugha ya Baba. Watu wote husema wembe umekunjwa, wembe umefungwa. Baba hakusema hivyo. Wembe wake alimtaja kama mtu: mlaze. Akishamaliza kunyoa alimsuuza kwa maji ya vuguvugu, akamfuta kwa kitambaa kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, akamwacha wazi apate hewa, akampitisha kwenye mkanda kumalizia unyevu, akampaka tone la mafuta, ndipo akamkunja na kumfunga kwenye flana. Alikuwa akisema ndevu hazijawahi kuua wembe, kinachouua ni maji yanayobaki pale kwenye kiungo. Aliponifundisha, kila nikitoka chumba cha mbele alinipigia kelele kutoka uani: umemlaza? Nami nilijibu: nimemlaza. Akiwa mkavu? Mkavu, Baba. Wageni wengine walidhani tuna mtoto mchanga ndani.

Basi nilikaa chini nikuandikie kwamba hukuulizwa wewe, kilichoulizwa ni habari ya wembe, ujicheke, tuendelee. Kalamu ikagoma. Mchana ulikuwa umefika, na mlio ule ukaanza. Nikajiuliza: kama ni wembe tu, mbona Baba hatulii? Mtu hawezi kufa halafu akarudi kila siku kwa ajili ya chuma. Hapo, dada, niliogopa kikwelikweli. Niliogopa kwamba wewe ndiye uliyesikia sawasawa, na mimi ndiye niliyecheka.

Siku iliyofuata nilitangulia. Niliingia chumba cha mbele, nikakaa kwenye kiti cha wateja nikitazamana na kioo, nikangoja. Mlango wa ndani ukafunguka polepole, na nikaona kwenye kioo mkono ulioshika wembe.

Alikuwa Mama. Mkono wa pili alishika kichupa cha mafuta ya cherehani, kumbe Mama Sindano alijua muda wote, nyoka yule. Mama hakushtuka hata kidogo. Alisema kwa uso ule nimefanana na mteja aliyesahauliwa. Kisha akauvuta mkanda akaanza kazi yake, shwaa na shwaa, na huku amenipa mgongo akasema kwamba Baba alituuliza watu watatu na hakuna aliyemjibu: mmoja alicheka, mmoja alilia, mmoja alikata simu. Basi yeye anamjibu, kila siku, mpaka atosheke.

Nikaitoa barua yako mfukoni, nikamsomea.

Mkanda ulinyamaza. Akauliza ni nani aliyekwambia kwamba wewe ndiye uliyemlaza mtoto mara ya mwisho. Nikamwambia mbona ndivyo ijulikanavyo. Akasema haijulikani hivyo hata kidogo. Ulimlaza, ndiyo, ukatoka kwenda kucheza. Mtoto akaamka akalia. Baba alikuwa na mteja kitini, povu limemjaa usoni, upande mmoja umenyolewa na mwingine bado. Akamwacha hivyo, akaenda ndani, akambeba mtoto, akamnyamazisha, akamlaza yeye mwenyewe. Aliporudi kumtazama, alimkuta ameshakata roho. Yule mteja aliondoka na nusu ya ndevu, na hakurudi kudai nyingine.

Ule wembe ulibaki kwenye beseni la maji mpaka watu wa msiba walipotawanyika. Ukiutazama karibu na kiungo kuna doa jeusi. Nimejaribu kulitoa tangu utoto wangu kwa kila kitu ninachokijua, halitoki. Mama anasema kabla ya siku ile Baba alikuwa akisema "ukunje" kama watu wengine. "Mlaze" ilianza baadaye.

Nilimuuliza kwa nini hakukwambia miaka yote hii. Akasema alidhani Baba alikwambia. Baba naye, nadhani, alidhani unajua. Si kwamba walikuficha, dada. Kila mmoja alidhani kabati lile limesogezwa na mwenzake.

Kwa hiyo hukuulizwa wewe. Alikuwa akijiuliza mwenyewe, miaka yote, kila alipoushika ule wembe, na hata pale hospitali. Na cha kukasirisha ni kwamba jibu lilikuwepo. Asubuhi ile kabla hatujaondoka nyumbani kwenda hospitali Mama alikuwa ameshamfuta wembe, ameshampaka mafuta, ameshamfunga kwenye flana. Alilazwa, na alikuwa mkavu.

Mama alipomaliza kusema alinishika kidevu. Akasema kesho yake nilete ndoo. Jana akaninyoa mwenyewe uani, akanikata mahali pamoja tu, akalaumu magoti. Mlio wa mchana umekoma. Leo nimekaa uani na redio yangu, na nakiri kwamba nimetega sikio mara kadhaa.

Sasa Mama ameamua wembe uwe wako. Anasema wewe ndiye unayestahili kukaa nao, uone lile doa kwa macho yako. Usiuweke bafuni, mvuke unauharibu. Hata usipomnyoa mtu, mtoe mara moja moja, mfute, mpake mafuta.

Nisalimie shemeji na wanao wote. Mama anakusalimu sana, na Mama Sindano pia, ingawa sijamsamehe. Tusiache kuandikiana.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Kelele

Baada ya hayo: nimetoka posta sasa hivi na kifurushi. Yule dada wa dirishani amenirudishia. Hawapokei vitu vyenye makali, itabidi uje uuchukue mwenyewe.