Njia ya Kwenda Vadsø

Vadsø, 3 Februari

Mwanangu Sunniva,

Hamjambo huko New Zealand? Callum mumeo na mtoto wazima? Sisi Norwei baridi tumeizoea, ila mimi mwili umeniangusha. Daktari anasema saratani imeshafika kwenye ini. Mamako alitaka nikupigie simu. Nilikataa, nikachagua barua pepe, maana nikisikia sauti yako nitakuuliza habari za mvua halafu nikate.

Babako, Oddvar

Dunedin, 5 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Maumivu yamepungua? Unakula? Nimelia kwanza, ndipo naandika. Kutoka hapa hadi kwenu ni zaidi ya kilomita elfu kumi na sita, na hapo ni kama ndege ingenyoosha moja kwa moja. Mimi nitapanda ndege tano, karibu siku mbili njiani. Na kliniki ya mifugo ninakofanya kazi wamenipa ruhusa ya safari moja tu mwaka huu. Sijui jambo hili huulizwaje, baba. Nije sasa, au nije wakati ule? Nikija sasa, mama atasimama peke yake kanisani siku ya mazishi.

Mwanao, Sunniva

Vadsø, 6 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Leo nimekula samaki na viazi, nikamaliza. Swali lako nimemsomea mamako. Alijifunika uso kwa kitambaa cha vyombo, nikadhani analia, kumbe anacheka. Anasema tangu utotoni wewe huulizi kwa kuzunguka. Kanisani atasimama na dada yake, hilo lisikusumbue. Njoo sasa. Wakati ule sitakuwepo kukufungulia mlango.

Babako

Dunedin, 9 Machi

Baba mpendwa,

Umeamkaje? Mimi nimefika salama, na mtoto hataki kushuka mgongoni kwangu. Bado naiwaza ile siku ya kuja. Dhoruba ilizuia ndege kutua Vadsø, wakatushusha Kirkenes, ng'ambo ya ghuba. Nikajua nitalala pale, siku moja yetu imepotea. Kutoka nje nawakuta, mama kwenye usukani, wewe umefungwa mablanketi kama mtoto mchanga, mmeendesha saa tatu kwenye theluji kuzunguka ghuba. Nilitaka kukugombeza, ukaniwahi: "Umekuja siku mbili. Hizi saa tatu niachie mimi."

Siku ya kuondoka sikugeuka kukutazama. Ningegeuka, nisingepanda ndege.

Mwanao

Vadsø, 31 Machi

Mwanangu,

Hamjambo? Mkono umechoka, anaandika mamako, mimi nasema tu. Ulipoondoka nililala. Nilipoamka nikamuuliza umefika wapi, akasema uko angani. Nikalala tena, nikaamka, nikauliza. Bado uko angani. Nikala uji, nikalala, kukapambazuka siku nyingine, nikauliza. Bado. Miaka yote hii nilikuwa nikiwaambia watu binti yangu anaishi mbali, kumbe nilikuwa nasema tu. Siku ile ndipo nilipojua umetoka wapi kuja kukaa na mimi.

Asante, mwanangu.

Babako

Sunniva, haya aliyasema juzi, nikachelewa kuyatuma. Amefariki leo asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Hakuhangaika. Najua umeshaanza kutafuta ndege. Acha, mwanangu. Wewe ulishakuja.

Mamako, 2 Aprili