Aile Mbili za Kushoto

Baba Chola,

Chakula yako: bukari iko mu sufuria, sombe iko pembeni. Nguo za batoto, uzikung'ute mbele ya kukunja. Vumbi ya fibre yenye unapigaka musasa ku gari yako inawashaka.

Mi nilienda ku gare ya treni na bisi, juu siwezi kupokea mama yangu na nusu ya gari. Asubui ulikata aile ya kuume ya chuma, ile inafunikaka mupira, kisha njo ulipima zile mupya za fibre: zote mbili ni za kushoto. Fundi mukubwa.

Na hata ingekuwa nzima, gari ya sport iko na kiti mbili tu. Unajua mama mukwe hakalake pembeni ya mukwe wake. Ulitaka akae goti kwa goti na wewe?

~~Tutarudia mangaribi.~~ Tutalala kwa dada yangu ku Katuba.

Wewe lala mu gari yako. Kiti ya pili iko libre, haina mutu.

Mama Chola